Ndiyo Kai

Mimi ni mtu wa kufoka. Nasema mapema, usije ukadhani uzee umenilainisha. Kwa miaka thelathini na minne nimesimamia ujenzi huku Savo, mbali na Helsinki, na wanaume wazima wenye ndevu zao wameacha kahawa ikipoa mezani waliponiona navuka uwanja. Jina langu ni Kerttu Asikainen. Kwa sheria zetu, kila jengo lina mtu mmoja ambaye jina lake limeandikwa manispaa, ili jambo likiharibika afuatwe yeye. Wengine wanaweza kujificha nyuma ya kampuni, huyo hawezi. Huyo ndiye mimi.

Ila mara moja nilijificha, na nilijificha nyuma ya Reijo Pursiainen.

Reijo ni fundi wa sakafu, mtu mrefu aliyeinama kidogo, magoti yamekwisha kwa kazi. Ukimuuliza kama mvua inanyesha, atatazama dirishani, atavua kofia, ataivaa tena, ndipo aseme kwamba kuna kitu kinadondoka huko nje. Si kwamba ni mjinga. Ni Msavo. Sisi Wasavo hatumkatalii mtu usoni. Tuna kineno chetu, kai. Kikiwa peke yake ni kama labda. Lakini kikikaa nyuma ya ndiyo, ile ndiyo imekufa. Mtu akikwambia ndiyo kai, amekwambia hapana, ila hataki kuwa yeye wa kukuharibia siku. Mtoto wa miaka mitano huku anajua. Mtu wa Helsinki hajui. Yeye anasikia ndiyo, anaandika ndiyo, anapanda treni kurudi kwao.

Sasa nikuambie habari ya Koivukumpu. Ni miaka kumi na miwili iliyopita. Ilikuwa shule ya watoto wadogo, madarasa manne na jiko, nasi tulikuwa tunamalizia. Zege la sakafu lilimwagwa kwa kuchelewa, na mvua za Oktoba zikalikuta kabla paa halijafungwa. Ratiba yenyewe ilikuwa imepangwa kwa kuanzia mwisho. Siku ya ufunguzi ilitangazwa gazetini kwanza, halafu kila kazi ikabanwa kurudi nyuma mpaka zote zikaenea kwenye karatasi. Siku hizo vikao vyetu vilikuwa hivi: msimamizi anasoma orodha, mafundi wanaitikia. Nikafika kwa Reijo. Nikamuuliza kama sakafu imekauka, aanze kubandika kapeti. Akavua kofia, akatazama dirishani, akaivaa.

"Ndiyo kai," akasema.

Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: Pursiainen, ndiyo. Nikaendelea na mstari uliofuata.

Zege bichi ukilifunika kwa kapeti la plastiki halikuletei fujo siku hiyo. Maji yanapanda polepole, gundi inaoza chini, na baada ya mwaka hivi chumba kinaanza kuwa na harufu tamu isiyo na mwenyewe. Watoto wakaanza kukohoa na kutokwa damu puani. Walimu wakakauka koo. Walifungua madirisha katika baridi ya Januari, wakafundisha na makoti mwilini. Mwaka wa tatu watu wa manispaa walikuja wakakata kipande cha kapeti kwa kisu, na waliokuwepo wakatoka nje mmoja mmoja. Jengo likavunjwa. Watoto wengi walipona baada ya kuhamishwa, Mungu awatunze.

Mwalimu mmoja hakupona. Alikuwa anawafundisha watoto nyimbo, ana kinanda chake cha nyuzi magotini, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani. Kwanza alipoteza sauti. Halafu kifua. Siku hizi hawezi kuingia kanisani, maktaba, wala duka lililopakwa rangi mwaka jana. Baada ya dakika chache kifua kinafunga, midomo inabadilika rangi. Anaishi katika nyumba ya magogo ya babu yake kando ya ziwa, humo tu ndimo anamopumua. Anaitwa Marjatta. Marjatta Pursiainen, mke wa Reijo.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Sakafu iliyomuumiza ilibandikwa na mumewe.

Uchunguzi ulipokuja waliniuliza nani alithibitisha kwamba zege limekauka. Nikafungua faili, nikawawekea karatasi mbele. Pursiainen, ndiyo. Wakamwita Reijo wakamuuliza kama kweli alisema hivyo. Akavua kofia. "Kai nilisema hivyo," akawajibu. Wakaandika kwamba fundi amekiri. Kampuni yake ndogo ilifungwa mwaka huo huo, akaenda kufanya kazi chini ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe. Mimi nilipewa jengo jingine.

Miaka kumi na miwili hatukulizungumza. Tulikutana dukani, tukazungumza habari za samaki, barafu ya ziwa imefika unene gani, theluji ya mwaka huu ni nyepesi. Nilikuwa nikimuulizia Marjatta. Alikuwa akinijibu kwamba yupo.

Sasa tuje kwenye shule mpya. Ile ya zamani, ya mji mzima, ilifungwa kwa ajili ya ukungu kwenye kuta, na kwa miaka mitatu watoto wetu wakasomea kwenye makontena nyuma ya uwanja wa mpira. Kontena ni kontena. Mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Wazazi walichoka, na walikuwa na haki. Ilpo Rautio, mkuu wa majengo wa manispaa, akawaahidi kwenye mkutano wa hadhara kwamba tarehe kumi na moja Agosti watoto wataingia shule mpya, mirengo yote miwili ya jengo, wa mashariki na wa magharibi. Wakampigia makofi. Ilpo si mtu mbaya. Ni mtu aliyeahidi.

Kampuni yetu ikamleta mhandisi wa mipango kutoka Turku, Henriikka Vesala, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili. Alikuja na ukuta. Maana yake, kwenye chumba cha vikao alifunika ukuta mzima kwa karatasi yenye mistari ya wiki, kisha akampa kila fundi rangi yake ya vikaratasi vya kunata. Umeme njano, mabomba bluu, sakafu kijani. Hakuna msimamizi wa kusoma orodha. Fundi mwenyewe anaandika kwa mkono wake atafanya nini wiki gani, anasimama mbele ya wenzake, anakibandika.

Nilimcheka, sikufichi. Nikamwambia hapa tunajenga shule, hatuchezi na watoto wa chekechea. Naye akanijibu papo hapo kwamba watoto wa chekechea angalau wanasema wakishindwa. Nikampenda kuanzia hapo, ingawa sikumwonyesha.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Alhamisi mpaka ikatuchosha. Usimuulize mtu kama ataweza, alikuwa akisema, maana mtu mwenye heshima zake atakwambia ataweza. Muulize nini hakiko tayari. Na ukutani maneno ni mawili tu, ndiyo au hapana, na anayesema hapana mapema apewe kahawa kwanza. Mafundi walitania sana. Fundi umeme alikuwa anasema hapana kila wiki apate kuwa wa kwanza kwenye birika. Lakini kazi ikaenda. Tuliacha kugongana kwenye korido. Nikaona mambo yakisemwa mwezi mzima kabla hayajaharibika, na mimi katika miaka yangu yote nilizoea kuyajua yakishaharibika.

Kampuni ya sakafu ikamtuma Reijo. Aliingia na vikaratasi vyake vya kijani mkononi, akanisalimu, akaniambia barafu imeanza kuoza kandokando ya ziwa. Nikamwambia ni kweli.

Basi ikaja Alhamisi ya mwisho ya Aprili, mkesha wa Mei Mosi. Mezani kulikuwa na maandazi ya sukari na maji ya limau yaliyochachuka, kama kila mwaka, na jikoni supu ya njegere ilikuwa inachemka kwa sababu ni Alhamisi, siku ya supu hiyo huku kwetu. Wote walikuwa wachangamfu. Ilpo Rautio alikuja mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akakaa karibu na mlango na koti lake mwilini.

Siku hiyo kulikuwa na kikaratasi kimoja tu cha maana. Kijani, sakafu, mirengo yote miwili, kuanza tarehe kumi na moja Mei. Kikiwekwa, Agosti inawezekana. Kisipowekwa, haiwezekani.

Ilpo alikuwa na ripoti ya unyevu. Mpimaji alitoboa matundu sita kwenye zege, akaweka vipimo vyake, akangoja siku zake, akasoma. Kiwango chetu ni themanini na tano, kuzidi hapo hubandiki. Ilpo akasoma mstari wa chini: wastani, themanini na sita. Akasema kipimo chenyewe kinaweza kukosea kwa mbili juu au mbili chini. Kwa hiyo tumo. Akaikunja ripoti.

Nilikuwa nimeisoma asubuhi, nikiwa ndani ya gari, mara tatu. Mrengo wa magharibi: themanini na tatu, themanini na mbili, themanini na nne, themanini na tatu. Mrengo wa mashariki: tisini na mbili, tisini na tatu. Ukijumlisha ukagawa kwa sita unapata themanini na sita, hesabu haina kosa. Lakini kule mashariki ndiko paa lilikokaa wazi wiki mbili mwezi wa Novemba. Kule ndiko kutakuwa na chumba cha muziki.

Nitakwambia kilichopita moyoni mwangu, nacho hakinipi sifa. Nilitaka iwe themanini na sita. Niliitaka Agosti. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na niliwaza jinsi nitakavyopita uwanjani siku ile watoto wanaingia. Nikajisemea, ngoja, Reijo ndiye fundi. Aseme yeye.

Henriikka akamgeukia Reijo, akamuuliza kwa namna yake, nini hakiko tayari. Ilpo hakumpa nafasi ya kujibu.

"Wewe tuambie tu, Reijo," akasema. "Tarehe kumi na moja utaanza?"

Reijo alikuwa amesimama mbele ya ukuta na kikaratasi kwenye ncha ya kidole. Akavua kofia. Akatazama dirishani. Akaivaa.

"Ndiyo kai."

Ilpo akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuchukua andazi. Henriikka, mtu wa Turku asiyekijua kineno chetu, akashika kalamu yake kuandika ndiyo. Mafundi wangu, Wasavo watupu, waliinamisha vichwa kutazama buti zao. Kila mmoja mle ndani aliyezaliwa huku alisikia alichokisikia, na hakuna aliyefumbua mdomo.

Reijo alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyekwisha kulipitia jambo hili mara moja na analijua linavyokwenda. Nikaona haya. Sijawahi kuona haya namna ile maishani, mpaka masikio yakawaka.

"Usiandike," nikamwambia Henriikka.

Ilpo akauliza kuna nini tena.

"Au andika. Andika hivi, neno kwa neno, iwe kwenye kumbukumbu. Kule Koivukumpu Reijo Pursiainen alisema ndiyo kai. Mimi nikaandika ndiyo. Watu wakaja wakasema ni kutoelewana, nami nikawaacha waseme. Hakukuwa na kutoelewana. Mama yangu Msavo, bibi yangu Msavo. Nilimwelewa."

Ilpo akasema, kwa upole, kwamba mambo ya zamani yana mahali pake.

"Mahali pake ni hapa, Ilpo. Aliniambia sakafu haijakauka. Nikasikia. Nikaandika ndiyo kwa sababu nilikuwa nataka ndiyo. Na walipouliza nikamtupia yeye, na mkewe akiwa hospitalini."

Kwenye jiko mfuniko wa sufuria ya supu ulikuwa ukigongagonga. Nikamgeukia Reijo, nikamuuliza kama Henriikka alivyotufundisha, mwanafunzi mzee kuliko mwalimu wake.

"Sikuulizi kama utaanza. Nakuuliza sakafu ikoje."

Akakitazama kikaratasi kwenye kidole chake. Halafu akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema mbele ya watu.

"Magharibi ni kavu. Mashariki haijakauka, wala haitakauka kabla ya Oktoba. Nimelala pale chini na shavu langu kwenye zege, mkuu. Nikibandika, nabandika juu ya maji."

Kisha akasema jambo ambalo bado nalisikia nikiwa naosha vyombo.

"Nilijua umenielewa, siku ile. Niliona kalamu ikisita. Ningeweza kusema mara ya pili. Nikasema moyoni, ameshanielewa, ya nini kumsumbua."

Akachukua kalamu ya risasi kutoka sikioni, akaandika kwenye kikaratasi cha kijani herufi kubwa, HAPANA, akakibandika kwenye wiki ya tarehe kumi na moja Mei. Kisha akaenda kwenye birika akajimiminia kahawa, maana ndiyo sheria. Hakuna aliyecheka.

Ilpo aliinuka. Aliniambia kwamba nimewarudisha watoto kwenye makontena, na kwamba nitakwenda mwenyewe kuwaambia wazazi. Nikamjibu nitakwenda. Akaondoka, andazi lake likabaki mezani limeng'atwa mara moja.

Ulipobandikwa ule ukweli mmoja, ukuta mzima ukawa huru. Ajabu ya Mungu. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumeikazia macho tarehe moja, hakuna aliyethubutu kuwaza kitu kingine. Fundi umeme ndiye aliyeanza. Akauliza, kama magharibi ni kavu, kwa nini isifunguliwe peke yake. Fundi wa mashine za hewa akakuna kidevu, akasema mirengo inaweza kutenganishwa, apewe wiki mbili na ukuta wa muda usiopitisha vumbi. Fundi mabomba akasema jiko liko magharibi, kwa hiyo chakula kipo. Vikaratasi vikang'olewa, vikasogezwa, watu wakabishana wamesimama, supu ikapoa. Saa saba mchana tulikuwa na mpango ambao kila mmoja aliusemea kwa mdomo wake: watoto wa madarasa ya chini magharibi mwezi wa Agosti, wakubwa wabaki kwenye makontena mpaka Januari, mashariki ikaushwe kwa mashine na muda wake. Henriikka akaupiga picha. Akanishika bega, nami sikumwondoa mkono.

Nilikwenda kwa wazazi. Walinifokea, mimi bingwa wa kufoka, nikakaa kimya nikapokea. Mama mmoja aliniuliza kama najua mwanawe amesoma miaka mitatu bila kusikia mvua ikikoma. Nikamwambia najua. Nikamweleza habari ya Koivukumpu yote, na ya kalamu. Hawakunisamehe, wala sikuwaomba. Walielewa kwa nini sitii sahihi.

Mwezi wa Juni kampuni ilinitoa. Zile kumbukumbu za kikao zilisomwa juu huko, na mtu aliyekiri jambo kama lile haachiwi jina lake kwenye jengo. Sikubisha. Nilikwenda pia kwa waliofanya uchunguzi wa zamani, nikawaandikia kwa mkono wangu, ili jina la Reijo lisafishwe mahali lilipochafuliwa. Wakanijibu kwamba wamepokea. Reijo nilimpelekea nakala. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimeona bata wa mwaka huu walivyowahi kuondoka.

Mashariki ilikauka. Mpimaji alitoboa tena mwezi wa Oktoba: themanini na mbili, themanini na moja. Kila tundu kwa nafsi yake, wastani hakuna aliyeutaka. Reijo akabandika kwa mikono yake mwenyewe, na chumba cha muziki alikifanya peke yake, hakuruhusu mtu amsaidie.

Siku mbili kabla watoto wakubwa hawajahamia, Januari, alinipigia simu. Akaongea kwanza kuhusu baridi, digrii ishirini na tatu chini ya sifuri. Halafu akasema Marjatta anataka kuiona.

Tulikutana mlangoni mchana, jua liko chini juu ya miti. Nilikuwa sijamwona kwa karibu kwa miaka. Amekuwa mdogo. Sauti yake sasa ni mkwaruzo, unamsogelea ndipo usikie. Aliniita Kerttu, akanishika mikono yote miwili na glovu zake. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu nyumbani. Akanikatiza, akaniambia Reijo amemsomea ile karatasi, tuingie ndani kabla hatujaganda.

Tukavua viatu kwenye korido, kama inavyopasa shuleni, tukatembea na soksi za sufu. Henriikka alikuwepo, akatuwashia taa. Chumba cha muziki kilikuwa kitupu na kizuri, madirisha yanatazama ziwa, sakafu ya rangi ya majani makavu haina hata mkunjo mmoja. Ilikuwa na harufu kidogo, ya upya tu, ya kitu chochote kilichotoka kiwandani. Mimi sikuihisi mpaka nilipoitafuta. Marjatta akasimama katikati. Akaitazama sakafu muda mrefu, akasugua soksi yake pale chini, kulia, kushoto. Akamwangalia mumewe akatabasamu.

"Umeiweka vizuri," akamwambia.

Reijo akavua kofia. Alikuwa ametazama midomo ya mkewe, si uso. Nami nikatazama alikotazama. Mkono wa Marjatta ulikuwa umepanda shingoni, umekaa pale kwenye shimo la koo, vidole vinabonyeza.

Kipimo kilikuwa themanini na moja. Kazi ilikuwa safi. Watoto mia mbili wangeingia humo wakaimba mpaka wakachoka, na hakuna ambaye angekohoa. Yote hayo yalikuwa kweli, na hayakumfaa yeye kitu. Kilichoharibika kwake kiliharibika Koivukumpu, Jumatatu moja, kwenye mstari mmoja wa mwandiko wangu. Nilitamani sana akae. Nilitamani kuliko nilivyopata kuitamani Agosti.

"Marjatta," nikamuuliza, "unaweza kukaa kidogo?"

Akatazama dirishani, kwenye ziwa.

"Ndiyo kai," akasema.

Nilimpa Reijo kofia yake iliyomponyoka mkononi. Nikavua skafu yangu nikamzungushia Marjatta shingoni, nikamshika chini ya kiwiko, nikamwambia Henriikka azime taa. Tukatoka nje taratibu sisi watatu, kwenye baridi, viatu vyetu mkononi.